Jana ya Miaka Kumi na Moja

"Leo bado ni jana," nikawaambia, wala sikugeuka kuwatazama.

Nyuma yangu mtu akaguna, mwingine akasonya. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale ukingoni mwa msitu, mikono kifuani, matumbo matupu, hakuna aliyemsalimia mwenzake. Jua lilikwisha panda. Umande ulikwisha kauka, mbuzi walikuwa wanalia zizini, na bado ilikuwa jana. Kwetu jua halifungui siku. Jua ni taa tu, na kuwasha taa ndani ya nyumba iliyokomewa si kufungua mlango. Anayefungua siku ni kitinda, na kitinda hakuwa ameitika.

Kitinda ni kima. Mdogo kweli kweli: ukimkalisha kiganjani atakijaza kiganja, mkia ndio utakaoning'inia. Tumbo lake manjano, uso mweusi, na mashavuni ana ndevu mbili nyeupe, hata mtoto wake huzaliwa na sura ya babu. Tumeambiwa kwamba msitu ulizaa miti, ukazaa chui na nyoka na ndege, na ulipokuwa hoi umechoka ukamzaa huyu, kitindamimba wake, ndipo jina lilipotoka. Alfajiri mwita hukaa juu ya jiwe na kumwita. Akiitika, siku imefunguliwa: watu huwasha moto, husalimiana, huoa, huzika, huapishwa. Asipoitika, hakuna moto wala salamu, na siku ile haiingii katika umri wa mtu yeyote. Ndiyo maana kwetu usimwulize mzee ana miaka mingapi. Atakuuliza, "Iliyofunguliwa?"

Mwita ni mimi, Siwema, mtoto wa pili wa mwita aliyenitangulia. Miiko yangu ni miwili. Wa kwanza, mwita haingii msituni. Akimwona anayemwitika, sauti itamkauka. Wa pili, wito hauishi mpaka mwita ainuke juu ya jiwe. Mama yangu alikuwa anaweza kukaa pale hadi kivuli chake kimwingie chini ya miguu. Mimi sikuwahi kuhitaji kukaa. Miaka kumi na moja nilikuwa naita, na kabla sijameza mate nimeshajibiwa.

"Bi Siwema," akaniita Mwenye Kilima, mtawala wetu, kutoka kwenye kiti chake kinachobebwa na watu wanne. "Hii mara ya ngapi?"

"Ya pili, Bwana."

"Imebaki moja."

"Kuhesabu najua."

Watu wakacheka kidogo kwa pua. Yeye hakucheka. Sheria ilikuwa upande wake: asubuhi tatu mfululizo bila jibu maana yake msitu hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Kilima. Nyuma ya kiti walisimama vijana wake wenye mashoka, thelathini hivi, na mashoka yale yalikuwa mapya, mipini bado ina rangi ya mti uliochongwa jana.

"Nimeshayanoa," akasema. "Nisingependa yashike kutu."

"Yapake mafuta, Bwana," nikamjibu, nikainuka, na wito ukaisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu Makungu, tunayelala kitanda kimoja. Kitinda aliyekuwa ananijibu miaka yote ile hakuwa kitinda. Alikuwa dada yangu Mashavu.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Miaka kumi na moja iliyopita, mama angali hai, kitinda alinyamaza asubuhi mbili. Mchana wa asubuhi ile ya pili Mashavu alichukua panga akasema anakwenda kuokota kuni. Hakurudi. Asubuhi ya tatu mama aliita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, na msituni pakatoka jibu safi kabisa: mbili fupi, moja ndefu, na mwisho wa ile ndefu kafilimbi kembamba. Watu walipiga vigelegele. Mama alilia, na kila mtu alidhani ni furaha. Mimi nilikuwa nimelala chumba kimoja na Mashavu tangu kuzaliwa, na kale kafilimbi nilikuwa nakasikia kila anapotaja jina langu, kwa sababu ana pengo la jino la mbele alilolipata kwa kuanguka kwenye mpera. Mama alipokuwa anakata roho mwaka ule ule, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwite dadako vizuri." Hakusema zaidi. Kwetu mambo makubwa hayasemwi mara mbili.

Basi ndivyo nilivyoishi. Watu waliona mwanamke anaita mnyama. Mimi nilikuwa namsalimia dada yangu kila kulipokucha, naye ananijibu yu mzima, na salamu ile ilikuwa ndiyo siku ya watu wote. Wakaoa katika siku zile. Wakazika. Mimi mwenyewe nikaolewa na Makungu. Mwenye Kilima wa zamani akafa na huyu akakalishwa kitini. Yote yalisimama juu ya pengo la jino. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini mimi nilifukiza na nikafukiza, na harufu nikaizoea.

Sasa alikuwa amenyamaza asubuhi mbili. Watu waliogopa kwa ajili ya msitu. Mimi, Mungu anisamehe, msitu niliukumbuka baadaye.

Nikaingia.

Sikuaga mtu. Nilipita nyuma ya shamba la mihogo, nikainama chini ya matawi ya kwanza, nikangoja sauti ikauke kooni kama tulivyoambiwa. Haikukauka. Nikasema "Toba!" kwa sauti, kujaribu, na "toba" ikatoka vizuri tu. Nikakasirika. Mwanamke mzima, miaka yote naogopa kizingiti ambacho hakina kitu nyuma yake.

Ndani ya msitu hakukuwa na jana wala leo. Palikuwa na kijani tu, juu na chini, na maji yanayodondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua haikunyesha. Nilitembea sijui muda gani. Kuna mahali niliona nyayo mbele yangu kwenye udongo laini, nikaweka mguu juu ya unyayo mmoja, ukanitosha barabara, kidole kwa kidole. Nikajiambia: Siwema, umeshapita hapa. Umeshapita, umekwisha fika, na huyu anayetembea sasa ni nani? Nikasimama pale kwa woga, mguu mmoja ndani ya mguu mwingine, mpaka nikakumbuka kwamba mimi na Mashavu tulikuwa tunavaa makubadhi yale yale. Mama alikuwa hajui kutofautisha nyayo zetu uani.

Nilipokuwa nafuata nyayo zile nilikuwa na swali, na swali lenyewe ninalo tangu nilipokabidhiwa jiwe. Nani anamfanya mwenzake awepo, anayeita au anayeitika? Mtu anayeita miti alfajiri bila kujibiwa ni kichaa, watoto watamzomea. Akijibiwa, ghafla ni mwita, ana heshima zake na kipande chake cha nyama harusini. Mwenye Kilima naye ni vile vile. Anasema "Njooni," watu wanakuja, basi ni mtawala. Siku watakayokosa kuja atakuwa mwanamume aliyekaa kwenye kiti kizito. Na kitinda je? Ikiwa kila alfajiri mwingine anaitika badala yake, yeye yupo, au nafasi yake tu ndiyo iliyopo? Nilikuwa nadhani vitinda wamekwisha zamani, na kwamba Mashavu anakaa katika nafasi yao kama mtu anavyokaa kwenye nyumba ya marehemu ili isibomoke. Niliona ni jambo la huruma. Sikuwahi kujiuliza kama marehemu amekufa.

Nyayo zikaishia kwenye mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama kuta. Katikati ya kuta mbili palikuwa na majani makavu, chungu, na panga lililoliwa na kutu. Juu ya majani kililala kitu kidogo, kimekunjamana, nywele nyeupe zimekiangukia mashavuni. Nilidhani ni kitinda mkubwa. Wallahi nilidhani hivyo. Kikafumbua macho.

"We mwanamke," kikasema kwa sauti ya kukwaruza, "mwita haingii msituni."

"Na wewe ulikwenda kuokota kuni," nikamjibu.

Hapo tena kila mtu akalia la kwake. Nikamkalisha, nikamfuta uso kwa upindo wa kanga. Alikuwa anachemka kwa homa. Shingo ilikuwa imevimba, na kila neno lilipita kwa shida. Miaka kumi na moja imemla, dada yangu, imembakiza macho na lile pengo.

"Ndiyo maana umenyamaza," nikasema.

"Koo limeziba tangu juzi. Nilijaribu. Kulitoka upepo." Akanitazama. "Mama je?"

Nikatikisa kichwa. Akakubali, kama mtu aliyekuwa anajua ila alihitaji kuambiwa na wa kwake.

"Siwema," akasema, "kaa kimya kidogo. Tazama juu."

Nikatazama. Kwanza niliona majani. Kisha jani moja likawa na macho. Kisha wakatokea, mmoja hapa, mmoja pale, kama saba au wanane, matumbo yao ya manjano, ndevu zao za kizee, wanakula matunda madogo mekundu na kudondosha maganda juu ya kichwa changu. Mmoja mdogo, mkia wake umekatika nusu, alishuka hadi tawi la chini akanikodolea macho. Nilikuwa mwita wa kitinda, na kabla ya mchana ule sikuwa nimemwona kitinda.

"Wapo!" nikasema. "Dada, wapo!"

"Walikuwapo siku zote."

"Sasa mbona hawaitiki?"

Mashavu akafumba macho. Nilimwona anatafuta pa kuanzia.

"Zile asubuhi mbili," akasema, "walikuwa wamehamia bondeni. Kule matunda yaliwahi kuiva. Hawakusikia wito. Mimi nilikuja nikakuta miti mitupu, nikasema wamekwisha, nikaitika mimi. Siku ya nne wakarudi."

"Ya nne?"

"Ya nne, mdogo wangu. Nikasema alhamdulillahi, kesho narudi nyumbani. Kesho yake mama akaita, nikakaa kimya kuwasikiliza wao. Kimya. Watu wako wana haraka, nikaogopa, nikaitika tena. Ikawa hivyo. Nilichukua miezi kuelewa." Akameza mate kwa uchungu. "Kitinda haitikii wito ulioitikiwa. Wanaitika mara moja tu, mmoja kwa niaba ya wote, na akishaitika mmoja wengine hunyamaza. Na kila asubuhi, kabla wao hawajajiweka sawa, mimi nimeshaitika. Wakaniona ndiye mkubwa wao. Wakaniachia."

Ganda la tunda likaniangukia begani.

"Wale wakubwa waliokuwa wanajua wamekwisha kufa," akaendelea. "Hawa wote wamezaliwa mimi nikiwa naitika. Hawajawahi kufundishwa. Nilikuja kuwaokoa, Siwema, nikawanyang'anya sauti."

Ungesema nini? Mtu ametoa maisha yake, ameacha mume asiyempata na watoto asiowazaa, ameota nywele nyeupe peke yake chini ya mti, na kazi yote ile ndiyo iliyokuwa kosa. Nilitaka kumwambia hapana, si kosa lako. Lakini dada yangu si mtoto wa kubembelezwa kwa uongo. Uongo tulikuwa nao wa kutosha.

"Kesho nitaitika," akasema. "Usiku kucha nitakunywa maji ya mizizi. Itapatikana sauti moja."

"Na keshokutwa?"

Akakivuta chungu karibu.

"Dada, wewe u mgonjwa. Ukiitika kesho, watu watafurahi, mashoka yatarudi Kilimani, kisha utakufa, na asubuhi tatu baada ya hapo hakutakuwa na mti hapa wala hawa."

"Nisipoitika ni kesho hiyo hiyo."

"Wamewahi kujaribu? Hata mara moja?"

Mashavu akamtazama yule mwenye mkia wa nusu. "Huyo," akasema polepole. "Jana. Ulipoita, mimi sikuweza, palikaa kimya muda mrefu. Wewe umeshaondoka kwenye jiwe, nadhani. Jua limefika pale. Akakohoa. Sijui kama ni kukohoa. Sijawahi kumsikia yeyote kati yao akifanya vile."

Basi hapo ndipo nilipojua kwamba kosa lilikuwa la wawili. Yeye aliwahi kuitika, mimi niliwahi kuinuka.

Nikaifungua kanga ya begani, nikampa. "Kesho nikiita, ng'ata hii. Ng'ata hasa. Usiitike hata ukisikia mashoka."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa."

Nilitaka kulala pale pale karibu naye. Akanifukuza kwa mkono, kama alivyokuwa ananifukuza jikoni nilipokuwa mdogo. "Nenda. Bila wito hakuna wa kuitika."

*

Asubuhi ya tatu niliita nikaketi.

Kimya.

Mwenye Kilima alikuwa amewahi. Kiti kimewekwa karibu kabisa na jiwe langu, na vijana wake wamejipanga, mashoka mabegani.

Kimya.

Nikajiambia: Siwema, hiki ndicho kimya ambacho mama alikuwa anakisikiliza. Wewe hukuwahi kukisikia kwa sababu dada yako alikijaza. Kisikilize. Ndani yake mna maji yanadondoka. Mna tawi. Mna mtu anang'ata kanga.

"Bi Siwema," akasema Mwenye Kilima, "inuka."

"Wito haujaisha, Bwana."

"Umeshaita."

"Nimeshaita. Sijainuka."

Akageuka kuwaangalia wazee, nao wakatazama chini, maana ndiyo mila, na yeye anaijua. Akajiegemeza kitini. Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia njaa. Watu walikuwa hawajawasha moto tangu jana ile ya kwanza, na nilisikia wakininong'onea mgongoni. Mmoja akasema nimerogwa. Mwingine akasema nimekufa zamani, nimekaukia jiweni. Mume wangu Makungu akasema, "Mnamjua mke wangu? Huyo akikaa amekaa," na kicheko chao kikanipa nguvu.

Mgongo ukaniuma. Miguu ikafa ganzi. Kivuli changu kilikuwa kirefu, kikafupika, kikaanza kunijia. Je, kama hataitika? Kama alikohoa kwa kupaliwa tu? Nimempa dada yangu kitambaa cha kung'ata, na pengine nimempa sanda ya msitu mzima. Kuna muda nilitaka niinuke ili tu yaishe. Kuna muda nilimchukia kitinda, kale kadude kenye ndevu, kwamba uhai wa watu wote unangoja kajisikie. Kisha nikaona ni haki yake. Sisi tulikuwa tumemngoja nusu asubuhi. Yeye alikuwa ametungoja miaka kumi na moja tunyamaze.

Kivuli kikaingia chini ya miguu yangu. Na msituni kitu kikafanya: "Khwi."

Kikanyamaza. Kikapaliwa. "Khwi, kh-khwi. Khwiiaa." Sauti mbaya! Kama mlango wenye bawaba mbovu, kama mzee anayesafisha koo. Ilikuja ikakatika, ikaanza tena mahali pasipostahili. Machozi yalinitoka sikuyazuia.

"Siku imefunguliwa," nikasema.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Ile nini?" akauliza Mwenye Kilima. "Ile si sauti ya kitinda. Kitinda tunamjua sote. Mbili fupi, moja ndefu, na mwishoni kale kafilimbi."

Na watu, jamani, wakatikisa vichwa kukubali. Si kwa woga. Kwa ukweli wa mioyo yao. Hata Makungu wangu. Masikio yao yalikuwa yamelelewa na Mashavu, na kitinda halisi alipokuja kubisha hodi walimwona mgeni.

"Ni ndege yule," mtu akasema. "Bi Siwema, usitulazimishe."

Mwenye Kilima akainua mkono, na vijana wakashusha mashoka kutoka mabegani.

"Kale kafilimbi ni pengo la jino," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Mnayemjua nyinyi ni dada yangu Mashavu," nikasema, safari hii nikageuka kuwatazama wote, ila sikuinuka. "Hakupotea akiokota kuni. Yuko mle, ndiye aliyekuwa anawaitikia. Miaka kumi na moja hamjamsikia kitinda. Mmemsikia leo."

Niliona neno linawaingia polepole. Kisha nikaona Mwenye Kilima amelielewa kabla ya wengine, kwa kuwa hakupewa kiti kwa upumbavu. Akaja karibu, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua unachokifungua? Kama aliyeitika ni mtu, siku zile hazikufunguliwa. Hata moja. Mimi nilikalishwa kitini katika siku hizo."

"Najua, Bwana."

"Na wewe uliolewa."

"Najua."

"Sema umekosea. Sema homa. Nitakuachia nusu ya msitu."

Nikawaza nusu ile. Sitaficha, niliiwaza. Nikamwona yule mwenye mkia wa nusu anahama kutoka tawi hadi tawi mpaka matawi yanaisha. Na nikawaza Makungu, miaka tisa ya kitanda kimoja, kikohozi chake, chai anayoninywesha nikiumwa. Hayo yote niyaite jana?

"Miaka kumi na moja," nikawaambia watu, "tumekuwa jana. Hasira zote nileteeni mimi."

Kisha mmoja wa wale vijana wa mashoka, mkubwa wao, akamtazama Mwenye Kilima, akatazama shoka, akauliza kwa adabu kabisa, "Sasa sisi, Bwana, ametutuma nani?" Akaliweka shoka chini, akakaa juu ya mpini wake. Wenzake wakafuata. Na Mwenye Kilima, ambaye sasa sikujua nimwiteje, akakigeukia kiti chake akakitazama kana kwamba kimeletwa na watu wengine. Hakukalia tena. Alisimama nasi juani, na nilimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa na kipara na hakuzoea jua.

Makungu akaja mbele ya jiwe. Nilimwogopa yeye kuliko wote.

"Kwa hiyo hatujaoana," akasema.

"Bado."

Akasugua kidevu. "Mahari nilishatoa. Sitoi tena." Kisha uso wake ukakunjamana, akaugeuzia pembeni.

Bi Mize ndiye aliyetuvunja mioyo. Bi Mize ni mjane, mumewe Haji alizikwa mwaka wa pili wa miaka ile. Alipita katikati ya watu, akasimama, akaniuliza, "Siwema, mwanangu, siku aliyokufa Haji nayo haikufunguliwa?"

"Haikufunguliwa, Bi Mize."

"Basi amekufa lini?"

Nikamnyooshea mkono. Akatikisa kichwa. "Kaburi lake nalijua lilipo," akasema. "Nalipalilia mwenyewe. Lakini siku imefunguliwa, na mimi nakwenda kuwasha moto, na leo nampakulia." Akaondoka kwa mwendo wa haraka, kama mtu aliyechelewa kupika. Wanawake wengine wakamfuata, kila mmoja akiwa na wake wa kumpakulia, na baada ya kitambo moshi ukaanza kupanda juu ya mapaa.

Ndipo nikainuka.

Tulimleta Mashavu kwa kitanda cha kamba, wale wale vijana wa mashoka wamekibeba, njia wamefuata nyayo. Tulipomkuta, kanga yangu ilikuwa bado mdomoni mwake. Ilikuwa imetoboka tundu kwa tundu kwa meno, na penye pengo palibaki kipande kizima. Alikuwa ameisikia sauti ya yule mdogo kwa karibu, na alicheka kila alipojaribu kunisimulia, ila sauti haikutoka.

Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko mkononi. Aliona kitanda kinapita, akaziona zile nywele nyeupe, akamjua. Nilidhani atapiga yowe.

"Wewe Mashavu!" akamfokea. "Tangu jana tunangoja kuni!"

Dada yangu akaiinua mikono yake, akaitazama, mitupu. Midomo ikacheza. Niliinama kumsikiliza.

"Anasema alisahau kamba," nikawaambia.

"Haya, mleteni ndani. Chakula kitapoa."

Alikula matonge mawili kutoka sahani ya Haji. Alasiri akafa, katika siku iliyofunguliwa, na kifo chake kikahesabiwa. Tulimzika jua lingalipo. Alikuwa mtu wa kwanza kufa tangu jana.

Kesho yake alfajiri nilipanda jiweni nikaita, na kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe jiwe lile sikuwa namwita dada yangu. Nikaketi. Wakaja wakaketi nyuma yangu, mmoja mmoja, kwenye nyasi zenye umande, na Bwana mwenye kipara akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyeguna. Tukangoja.